Kila Wimbo Unapoingia

Fundi hakuwa mtu wa kuimba. Hata siku ya harusi yake, watu walipomvuta katikati pamoja na bibi harusi, alipiga makofi tu na kutabasamu kama mtu aliyebanwa na kiatu. Kwa hiyo asubuhi ile mkewe alipomsikia akiimba bafuni, mkono wake ulisimama, chanuo likabaki limekwama kwenye nywele za mtoto.

Haikuwa ile ya kuguna guna mtu anaponyoa ndevu. Aliimba wimbo mzima, ubeti kwa ubeti, na pale ambapo bendi za zamani humwachia mpiga gita nafasi yake, alinyamaza, akagonga ukingo wa sinki kwa vidole, kisha akaingia tena bila kukosea.

*Ewe mpenzi wa barua, mbona hujanijibu,*
*kalamu imekauka, moyo wapata tabu.*

"Leo kumekucha na mambo," mkewe alisema alipotoka, povu likiwa bado shavuni. "Umeujulia wapi huo?"

"Sijui. Nimeamka nao."

"Baba, imba tena," akadakia binti yao. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. "Imba pale pa kalamu."

Wakacheka wote. Fundi akaketi kwenye kigoda, akavaa viatu vyake vya kazi, akashika kamba za kiatu kimoja, huku moja na huku moja, akabaki amezitazama.

"Nini tena?" mkewe akauliza.

"Hizi zinafungwaje?"

Alidhani ni mzaha, na mzaha wa mume asubuhi mke huuchekea hata kama hauchekeshi. Lakini Fundi hakuinua macho. Alizivusha kamba, akazirudisha, akazivusha tena, vidole vilevile vilivyofunga nyaya gizani ndani ya dari za watu vikitangatanga kama vya mtoto mchanga. Mwishowe Chiriku alichuchumaa, akamfungia.

Alipompita mkewe mlangoni aliacha harufu nyuma yake. Ilikuwa ya poda, mafuta ya nywele na moshi wa sigara. Fundi hakuvuta sigara.

Jumapili ile mama yake Fundi alikuja kuwatembelea, kama kawaida yake. Alimkuta mwanawe amekaa sebuleni anaimba polepole, mguu wa kulia ukigonga sakafu. Mama akasimama mlangoni na kikapu chake, uso ukamlainika kama siagi juani.

"Wewe, huo umeutoa wapi? Tulikuwa tunaucheza huo mimi na shoga zangu kabla baba yako hajanijua." Akaweka kikapu chini, akashika kiuno, akaanza kucheza taratibu, na Chiriku akamfuata nyuma akiiga mabega yake. Mke wa Fundi, ambaye alikuwa msusi na wakati huo alikuwa anasuka mteja chumba cha mbele, alikuja na uzi mdomoni kutazama. Fundi aliimba wa pili, wa tatu, na kila alioutaja mama, alikuwa nao. Mama akafuta machozi kwa kicheko.

Kisha Fundi akaanzisha mmoja ambao mama hakuutaja.

*Taa zimezimwa ukumbini, mpenzi usiondoke,*
*umebaki wimbo mmoja, hata kesho ifike.*

Mama aliacha kucheza. Alikaa taratibu, akamvuta Chiriku magotini pake.

"Mama, vipi?" msusi akamuuliza.

"Huu haukuwahi kutoka redioni," mama akasema, sauti imeshuka. "Walikuwa wanaupigia ukumbini tu, mwisho wa dansi, kuwafukuza watu. Santuri yake haikuwahi kutolewa. Bendi ilivunjika, mwanangu hata hajazaliwa, na mimi mwenyewe maneno nilishayasahau mpaka alipoyatamka." Akamtazama mwanawe. "Nani kamfundisha?"

Kabla hajajibiwa, wote walisikia, mahali fulani kati ya ukuta na kabati, makofi. Yalikuwa machache na mazito, kama ya watu walioketi mbali.

Jibu la swali la mama mkwe alilileta Mrefu. Yeye na Fundi walishirikiana kazi miaka mingi. Mmoja akipanda ngazi, mwingine hukaa chini kwenye swichi kuu. Alikuja mchana mmoja wa wiki ile, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, nyusi za upande mmoja zimeungua. Nyuma yake alikuja Fundi, amemshika shati mwenzake kama kipofu.

"Shemeji, mumeo asirudi kazini," Mrefu akasema. Hakukaa hata alipokaribishwa. "Sina ugomvi naye. Lakini asirudi."

"Amefanya nini?"

"Nilikuwa juu, nimeshika waya. Nikamwambia zima. Akazima, nikaanza kukata. Nikarudia tu kuuliza, umezima? Ndipo nikamsikia anaimba. *Washa taa nikuone, giza limenichosha.* Na huku anaimba, shemeji, mkono wake ukapandisha swichi. Nimemwona kwa macho yangu. Hakuwa anajua ile ni nini. Alikuwa anaitazama kama mtu anayetazama ndege."

 Msusi akamgeukia mumewe, lakini Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka juu ya viatu.

"Ilianza lini?" msusi akamnong'oneza Mrefu.

Mrefu akasita. "Tulipewa kazi ya kubadilisha nyaya kwenye ukumbi mmoja wa zamani wa dansi. Umefungwa siku nyingi, wanataka kuufanya ghala. Jukwaani kulikuwa na kiti kimoja, kimetazama ukumbi. Vumbi limejaa kila mahali, kasoro kwenye kile kiti. Mimi sikukikaribia. Mumeo akasema amechoka, akakikalia, akala chakula chake cha mchana palepale. Nikamwambia ondoka hapo. Akasema, kiti hakina jina la mtu." Mrefu akautazama mlango. "Alipoinuka, shemeji, mimi niliona kiti kinasogea kidogo nyuma. Kama vile kuna mwingine naye ameinuka."

Jioni ile, Chiriku akiwa kwa jirani, mume na mke walikaa jikoni mlango umefungwa. Fundi alizungumza kwa sauti ya chini, akisikilizia kati ya sentensi na sentensi.

"Anaanza kwa mguu," alisema. "Anagonga mara chache, kama kiongozi wa bendi anapowapa wenzake mwendo. Halafu wimbo unaingia. Unaingia wote kwa mkupuo, na mtamu, mke wangu, sitakudanganya, ni mtamu. Lakini kila wimbo unapoingia, kuna kitu kinatoka."

"Kitu gani?"

"Hapo ndipo penye kazi. Sijui. Ningekijua, nisingekuwa nimekipoteza. Hakiachi shimo. Nakwenda kukitafuta, nakuta ukuta umesakafiwa vizuri, kana kwamba hapakuwa na mlango."

Msusi alimshika mikono. Alikuwa mwanamke wa kupanga mambo, mwenye kujua kichwa kipi kitamaliza uzi gani, na hofu yake aliitia kwenye kazi. Akasema watapigana. Tangu siku ile akawa anamuuliza maswali kama mwalimu: mama yako anaitwa nani, tulioana mwezi gani, moto ukishika kwenye nyaya unafanya nini kwanza, Chiriku aliumwa nini alipokuwa mdogo tukakesha naye. Chiriku naye aliingia mchezoni, akamshikia baba yake vikombe na vijiko avitaje. Asubuhi za mwanzo Fundi alijibu mengi. Alipokwama, mkewe alimwambia jibu, akalirudia, akalishika, wakafurahi. Kesho yake jibu lile halikuwepo, na mahali pake palikuwa na mwanamke aliyeachwa stesheni, au barua iliyolowa mvua, au kijana anayeapa kwa jina la mama yake kwamba hatapenda tena.

Nyimbo zilizidi. Harufu ya poda ilishika kwenye mapazia na kwenye unga. Wateja wa msusi walianza kusema kiti chao kina joto kabla hawajakikalia, kisha wakaanza kutokuja. Mama mkwe alipokuja tena, alimletea mwanawe shati jipya. Fundi alilipokea kwa adabu, akamsogelea mkewe, akamnong'oneza, lakini si kwa sauti ndogo ya kutosha:

"Huyu mama anauza nini? Tuna hela ya kumlipa?"

Mama alisikia.  Alikunja upya lile shati kwa uangalifu mkubwa, mikono kwanza, halafu kola, akaliweka mezani, akaondoka, na msusi alipomkimbilia njiani alimkuta ameegemea ukuta wa watu, amejifunika uso.

"Nenda kwa Mama Pasi," mama mkwe akamwambia. "Nilikuwa sitaki kuyaamini mambo haya. Nenda."

Mama Pasi alikuwa mzee mwembamba anayepiga pasi kwenye duka la dobi karibu na hospitali, shuka na makoti meupe kutwa nzima. Waliomjua kwa mengine walimfuata nyuma ya duka, katikati ya mvuke, na hakuacha kazi alipowasikiliza. Aliposikia habari ya kiti, aliizima pasi.

"Majini yapo ya kila namna," alisema. "Yapo yanayotaka damu, yapo yanayotaka nyumba, ukiyapa yanachotaka, yanatulia. Hili ni la kushangiliwa. Liliishi kwa sauti za watu kwenye ukumbi ule, usiku kwa usiku, likanenepa. Watu wakaacha kuja. Njaa yake unaijua? Mleteni hapa kabla hajafika kwenye kusahau kumeza."

Walimleta siku ileile, Mrefu akiwa amemshika upande mmoja kwa mkono wake mzima. Mama Pasi alimkalisha kwenye lundo la shuka, akachoma ubani, akaufunga mlango. Joto lilikuwa la kukata pumzi. Alimwekea kiganja kipajini, akasema maneno ambayo msusi hakuyaelewa, kisha akasema kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na mteja mkorofi:

"Wewe uliyeketi humu. Unataka nini kwa kijana huyu?"

Mguu wa Fundi ukagonga sakafu. Mdomo wake ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mzima mwenye kifua kipana, sauti ya kupendeza.

*Sitaki mali wala cheo, nataka pa kulala,*
*chumba kimoja moyoni mwako, nami nitatawala.*

"Vyumba vyote umeshavichukua. Utatoka lini?"

*Usiniulize nitarudi lini, mpenzi sijaondoka.*

Mrefu alisogea mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Mama Pasi akamgeukia msusi. "Binti, nikilivuta litatoka. Nguvu ninazo. Lakini lazima nikuambie, lilichokula halitakitapika."

"Litoe, mama," msusi akasema. "Litoe tu. Mengine tutamfundisha upya."

Mama Pasi akaanza. Nyimbo zilimtoka Fundi moja baada ya nyingine, zikikatika katikati, ubeti huu juu ya ubeti ule, sauti ile nene ikipanda hadi kuwa mlio mwembamba kama wa sindano juu ya santuri iliyokwaruzika, na kila wimbo ulipokwisha kitu fulani kilikwisha usoni mwa Fundi, kwanza macho yakaacha kumfuata mkewe, kisha shingo ikaacha kukishika kichwa, kisha mikono ikafunguka juu ya shuka nyeupe kama mikono ya mtu ambaye hajawahi kuwa na mikono, na msusi aliyekuwa akifurahi alipozisikia zinatoka akaelewa ghafla kwamba mle ndani hamkuwa na kitu kingine, kwamba nyimbo ndizo zilizokuwa zimebaki zikimshikilia mumewe kama nguzo, na kwamba pumzi nayo, ambayo hakuna mtu anayekumbuka kuwa aliwahi kujifunza kuivuta, ilikuwa inaanza kukosa mahali pa kukaa.

"Acha," akasema.

Mama Pasi hakuacha.

"Mama, nakuomba uache. Libaki. Libaki humohumo."

Kiganja kikatoka kipajini.  Halafu Fundi akavuta hewa, ndefu, yenye kukoroma, na mguu wake ukagonga sakafu polepole.

Mama Pasi alikaa chini, jasho likimtiririka, akaonekana mzee kuliko alivyoingia. "Sikulaumu," alisema. "Ningekuwa wewe ningefanya vivyo hivyo. Lakini limekusikia. Mpaka leo lilikuwa mwizi ndani ya nyumba yako. Sasa ni mgeni, umelikaribisha kwa kinywa chako, na mgeni aliyekaribishwa mimi sina amri naye." Akamshika mkono kwa nguvu. "Usiimbe naye. Hata kibwagizo. Akiimba, wewe nyamaza."

Msusi alimrudisha mumewe nyumbani, akamlaza. Mama mkwe alitaka Chiriku akaishi kwake, lakini mtoto aligoma, akasema baba atamsahau. 

Miezi iliyofuata msusi alishika neno la Mama Pasi. Alimwogesha mumewe akiwa kimya, akamvisha akiwa kimya. Lakini Fundi alianza kukonda. Alikuwa hajui tena kijiko kinakuja kufanya nini mdomoni. Uji ulimwagika kidevuni, na akimlazimisha alipaliwa mpaka akageuka rangi. Alifumbua mdomo kwa jambo moja tu, kuimba. Ubeti ulipokwisha, alitulia, akamtazama mkewe kwa macho yenye kungoja, jinsi mwimbaji anavyowatazama wenzake wampokee. Asipopokewa, aliufunga mdomo.

Siku moja, kijiko kikiwa kimepoa mkononi kwa mara ambayo hakujali tena kuihesabu, msusi alimpokea.

*Kalamu imekauka, moyo wapata tabu,* aliimba, kwa sauti ndogo, kama anayeiba.

Fundi akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake mwenyewe, lile la kubanwa na kiatu, ambalo mkewe alikuwa ameshalizika. Akafumbua mdomo, akala. Akala bakuli zima.

Ni nani angeacha? Alimwimbia asubuhi na mchana na jioni. Mashavu ya Fundi yalirudi. Wakati mwingine, kwenye wimbo wa taratibu, alimshika mkono mkewe akaukandamiza, na msusi alijiambia kwamba mumewe yumo, yuko chini kabisa, na kwamba kibwagizo ndiyo kamba pekee inayomfikia. Kila siku, kabla ya kulala, alijikagua. Alijiuliza jina lake, mitindo yote ya kusuka, bei ya uzi, njia ya kwenda sokoni, tarehe ya harusi, jina la mama mkwe. Vyote vilikuwepo. Alipitisha mkono kwenye kila ukuta akaukuta imara, akalala.

Wateja walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja. Alasiri moja ya joto alikuwa anamsuka mwanamke wa mtaa wa pili, vidole vinakwenda vyenyewe, naye anaimba, kwa kuwa siku hizi aliimba bila kusikia anaimba. Ulikuwa ule wimbo wa mwanamke aliyeachwa stesheni. Alimaliza ubeti wa kwanza na wa pili, akagonga mguu, akaingia wa tatu.

Mteja aliendelea kuchezea simu. Msusi ndiye aliyesimamisha mikono. Ubeti wa tatu Fundi hakuwahi kuuimba. Hakuna mtu aliyewahi kuuimba ndani ya nyumba ile.

Akajikagua palepale, amesimama, nywele za watu mkononi. Jina lake. Tarehe ya harusi. Mitindo, uzi, soko, mama mkwe, Mama Pasi na onyo lake. Alikwenda haraka, kisha polepole, akirudi nyuma na kuanza upya. Hakikukosekana kitu. Kuta zote zilikuwa zimesakafiwa vizuri. Chumba cha nyuma mumewe alikuwa ametulia, na nyuma ya kutulia kwake palikuwa na makofi machache, ya karibu sasa.

Akamaliza kichwa, akapokea malipo, akamsindikiza mteja mpaka mlangoni. Hapo ndipo alipomwona mtoto wa kike anakuja mbio kutoka upande wa shule, mkoba unamruka mgongoni, soksi moja imeshuka. Mtoto aliingia moja kwa moja, akatupa mkoba juu ya kiti cha wateja kama aliyezoea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," msusi akamjibu, kwa ukarimu, kama anavyojibiwa mtoto yeyote.

"Mama, leo mwalimu kanichagua niwe kiongozi wa darasa, na wale waliokuwa wananicheka habari ya baba wote wamepiga makofi, halafu..." Mtoto aliongea bila kituo, anavua viatu, anaelekea jikoni, anarudi na kikombe cha maji. Msusi alimsikiliza akitabasamu. Alikuwa mtoto mchangamfu. Nywele zake zilisukwa vizuri sana, kwa mtindo ambao msusi mwenyewe hupenda kuusuka, na akajiuliza ni nani hapa mtaani mwenye mkono mzuri namna ile.

Alingoja mtoto anywe maji amalize. Kisha akainama, akamshika bega kwa upole ili asimwogopeshe.

"Hongera sana, mwanangu," akasema. "Sasa niambie, umetumwa na nani?"